Kitufe cha R

Harufu ya utomvu wa paini ukiungua inanipandisha hasira mpaka leo, na ni hasira ninayoipenda. Wenzangu niliokua nao Kihesa wakiinusa wanakumbuka kuni za jikoni na baridi ya mwezi wa sita. Mimi nakumbuka meza ya fundi simu, donge la utomvu mgumu wa rangi ya asali, na ncha ya chuma cha moto ikichovywa humo kabla ya kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Moshi ulipanda mwembamba na mweupe, ukaniingia machoni, nami nikakataa kufumba. Juzi nilipita karibu na kiwanda cha mbao nikaisikia tena, nikasimama njiani nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Watu wakanishangaa, nikawaacha washangae.

Mama alikuwa na chumba cha steshenari pale Kihesa, kimebanwa kati ya saluni na duka la dawa za mifugo. Alichapa barua za kuomba kazi, ratiba za misiba, kadi za mchango wa harusi na risala za kumuaga mchungaji. Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, ile yenye kisogo kirefu, ambayo aliinunua ofisi moja ilipofungwa. Hakuwahi kwenda kozi. Alijifundisha mwenyewe kwa vidole viwili, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo, na mimi nilimwona kuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote Iringa. Bado namwona hivyo, na anayebisha anitafute tubishane.

Chumba hakijamaliza hata mwaka, chai ikamwagika kwenye kibodi na kitufe cha R kikafa. Ukikibonyeza kilikuwa kinashuka na kupanda vizuri tu, ila kwenye kioo hakitoki kitu. Mama hakupiga kelele. Alifungua barua ya zamani, akatafuta neno lenye R, akainakili ile herufi moja, kisha kila alipoihitaji akaibandika. Ukipita ulimsikia: tap, tap, tap, halafu kimya kidogo, halafu tap. Kile kimya ndicho kilikuwa R. Nilimwambia anunue kibodi nyingine, akasema tutaona. Nikamkumbusha, akasema kibodi za siku hizi hazidumu. Nikamkumbusha tena, akanituma maji. Nikajua tumeishiwa na mama anaona haya kuniambia, kwa hiyo nikaacha kumsumbua.

Hapa niseme jambo kwa asiyetujua. Kihehe cha nyumbani kwetu hakina haja na R. Bibi yangu wa Ilula ameishi maisha yake yote, amezaa, amelima, amezika mume, na R hajawahi kuihitaji. Kwa hiyo watu wa kwetu wakisema Kiswahili, R nyingi zinageuka L, na wajanja wa mjini wanapata cha kuchekea. Nitamwandika mama hapa kama alivyosema mwenyewe. Mwenye hamu ya kumsahihisha aanze kwanza kwa kujifunza Kihehe.

Balaa lilikuja na kadi za harusi. Mwenyekiti wa kamati, mwanamume aliyezoea kushika kipaza sauti hata pale asipopewa, alikuja kuzichukua, akavuta moja na kuisoma kwa nguvu akiwa amesimama mlangoni, akiwageukia akina mama wa saluni. "Mnakaribishwa kwenye halusi ya kijana wetu. Chakura na vinywaji vitakuwepo." Akaishusha kadi. "Mama, hapa umeandika au umeongea?"

Saluni nzima iliangua kicheko. Mmoja alicheka huku nywele zake zikiwa zimeshikwa na msusi, ikabidi msusi acheke kwa kumfuata.

"Ni kitufe," mama akasema. "Kimekufa. Njoo utazame." Akakibonyeza mbele yake, akakibonyeza tena. Kweli kilikuwa kimekufa.

"Kitufe au ulimi?" Mwenyekiti akaziacha kadi zote mezani, akavuka barabara kwenda kwenye steshenari ya mtaa wa pili. Kabla ya jua kuzama mama alikuwa ameshapata jina jipya, Mama Kalibu, kwa jinsi alivyowakaribisha wateja. Shuleni waliniimbia "kalibu, kalibu" mpaka nikamrarua mmoja kola ya shati, nikachapwa, na kesho yake nikawa tayari kumrarua mwingine.

Wateja walipungua. Waliobaki walikuja na kazi ndogo ndogo, na wengine walikuja kumsikia tu akisema neno ili wakasimulie. Jioni moja mama alizima kompyuta, akaifunika kitambaa chake, akasema bila kunitazama, "Mwisho wa mwezi nafunga. Nitaenda Ilula kwa bibi yako, nitauza nyanya balabalani. Nyanya haina helufi."

Nililia kwa hasira, maana huzuni ilikuwa haijafika. Kwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Mama hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la kitufe, na kitufe ni kitu cha kutengenezwa. R ikirudi, wote waliocheka watasoma kadi safi na kumeza vicheko vyao. Sikuona sababu ya mama kwenda kukimbiza mabasi na ndoo ya nyanya kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Kibodi niliipata kwa Mama Bhavna, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini na ambaye mama alimchapia vibandiko vya bei. Mama Bhavna alizaliwa Iringa kama baba yake, na alinisalimia "kamwene" kwa Kihehe kilichonyooka kuliko changu. Nilipompelekea vibandiko niliona laptopu juu ya rundo la maboksi, imekunjika kama chapati. Mwanawe aliisahau chini nyuma ya gari, na gari likarudi nyuma. Kioo kilikuwa kimekuwa unga. Ila vitufe vilikuwa vizima, vyote, na R yake ilikuwa inang'aa.

"Mama Bhavna, hii mnaitupa?"

"Unaitaka ya nini, binti? Hiyo imeshakufa."

"Nataka R."

Alicheka, akaniwekea kwenye mfuko wa duka na kunifungia vizuri kama mteja aliyenunua kitambaa cha sherehe.

Fundi niliyemwendea alikuwa Dada Tumaini, aliyetengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Alihamia kwetu kwa sababu, kwa maneno yake, Mbeya mafundi ni wengi kuliko simu. Yeye naye alikuwa na ulimi wake: Z ikifika mdomoni mwake inatoka S. Nilishawahi kumsikia kijana mmoja akimwigiza, "kasi, kasi, dada yuko kasini." Dada Tumaini hakunyanyua hata kichwa. "Simu yako imekufa," akamwambia, "na mdomo wangu unafanya kasi. Sasa nani kati yetu ana shida?" Kijana akaomba msamaha kwa sababu simu bado ilikuwa mikononi mwa fundi. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Nilimpelekea vitu vyote wakati mama amekwenda Ilula kumsaidia bibi kuvuna, nami nimeachwa kwa jirani wa saluni na ufunguo wa chumba shingoni. Nikaweka mezani laptopu, kibodi ya mama, na kadi moja ya harusi kama ushahidi.

"Gwe, wewe mtoto, huu ni msiba, si laptopu," akasema. Alipoifungua na kuikuta kibodi nzima, uso ukabadilika. "Unataka hii ifanye kasi kwenye kompyuta ya mesani? Haina waya wa kuchomeka. Ina mkanda huu tu, na mkanda ulikuwa unaongea na ubongo wa laptopu. Ubongo wenyewe ndio huu umepondwa."

"Si tuipe ubongo mwingine?"

Akaigeuza kibodi ya mama. "Humu ubongo upo msima. Chai imeua haya makaratasi ya plastiki tu. Lakini sikilisa, mdogo wangu. Nikishaifungua na kuikwangua, haitafungika tena. Mama yako akirudi ataikuta hiyo mpya inafanya kasi, au hatakuta kibodi kabisa."

"Fungua."

Alichukua kadi, akaisoma taratibu. "Hii R ya chakura imetoka wapi?"

"Mama huwa anaibandika."

"Ehe. Anaibandika." Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetaka kusema neno halafu analirudisha. Kisha akachukua bisibisi.

Ndani ya kibodi hakukuwa na chochote nilichotegemea. Nilidhani kila herufi ina chumba chake, kumbe ni karatasi za plastiki zenye michirizi, zimeganda kwa chai na sukari, na pembeni kipande kidogo cha saketi. Hicho ndicho kilikuwa ubongo. Dada Tumaini akakwangua vidoa vyeusi vya pembeni mwa saketi hiyo kwa wembe mpaka shaba ikaonekana. Kutoka kwenye laptopu akang'oa soketi ya ule mkanda kwa bloa ya hewa moto. Kisha tukaanza kuunga, waya mmoja mmoja, nyaya nyembamba kama unywele, upande mmoja kwenye soketi na wa pili kwenye ile shaba. Mimi nilishika waya kwa kibanio. Yeye alichovya chuma kwenye utomvu, moshi ukapanda, risasi ikang'aa na kuganda. Nilikuja kila nilipotoka shule, hata begi sikupeleka nyumbani.

Siku tuliyoichomeka kwenye kompyuta ya mama, taa ndogo ya kibodi iliwaka nami nikaruka. Nikaandika neno la kwanza lililonijia, mama. Kwenye kioo ikatoka k;k;

Nikajaribu jina langu, ikawa takataka. Nikajaribu Iringa, vitufe vingine vikanyamaza kabisa. Nilikaa nikifikiri, nikapata jibu, na niliamini jibu hilo kwa moyo wote. Ile kibodi ilikuwa ya Mama Bhavna. Nilikuwa nimewasikia wakiongea lugha ya kwao.

"Dada, hiki ni Kigujarati?"

Dada Tumaini aliweka chuma chini ili asijiunguze kwa kucheka. Mimi sikucheka. "Si imezoea? Imeandikwa Kigujarati miaka yote. Basi tuifundishe Kiswahili."

"Si Kigujarati, mdogo wangu. Hii kibodi ilipangwa na watu wake na huo ubongo ukapangwa na wengine. Kila mmoja anasema kitu chake sawasawa, ila hawaelewani." Akajifuta machozi. "Lakini kweli, tutaifundisha."

Kuifundisha kulikuwa kuhamisha nyaya. Tulibonyeza kitufe, tukaangalia kilichotoka, nikakiandika juu yake kwa rangi ya kucha ya yule jirani, tukafumua waya na kuuhamishia pengine. Tukirekebisha mstari mmoja, mwingine unaharibika. Kuna siku nilimwambia tuache, akanijibu kwamba kuacha ni kazi ya wenye pesa. Vitufe vilivyogoma tukavigeuza kwa programu ndogo aliyoileta kwenye flashi, ambayo ilikuwa inaidanganya kompyuta kwamba hii si hii, ni ile. A ikawa A. M ikawa M. Tukafika kwenye R, nikaibonyeza, na kwenye kioo ikatoka l.

"Ah!" akapiga kofi. "Hata yenyewe ni Mhehe!"

Hapo nilicheka mpaka nikashika tumbo. Akaigeuza kwenye programu. Nikabonyeza tena, ikatoka r, nyembamba, imeinama kichwa. Nikaibonyeza mpaka ikajaza mistari. Fundi seremala wa jirani akatupa kipande cha ubao wa paini, tukaipigilia kibodi juu yake ili nyaya zisivutike, na rangi ya kucha nikaikwangua yote.

Mama alirudi mchana, amebeba tenga la nyanya na vumbi la barabara kuu. Nilimshika mkono kabla hajanawa, nikamketisha kwenye kiti chake. "Mama, R imerudi. Bonyeza."

Aliitazama ile kibodi nyeusi, akagusa ubao kwa kiganja, akafuata nyaya kwa macho mpaka nyuma ya kompyuta. Nilisubiri anikumbatie. Badala yake mikono yake ikarudi mapajani na kukaa hapo.

"Umefanya wewe?"

"Mimi na Dada Tumaini. Sasa watakoma. Andika harusi, mama. Andika karibu. Andika chochote."

Alinyanyua kidole. Kikaenda juu ya R, kikahama mpaka juu ya L, kikarudi katikati na kuning'inia. Mama yangu aliyechapa risala ndefu bila kupumzika alikuwa amekwama kwenye neno moja.

"Mwanangu," akasema, "mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Tofauti. Ukisema hii na ukisema ile, kwangu ni moja. Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele ya dalasa, anasema lula, nami nasema lula, wanacheka, anasema tena. Nilikuwa nasikia kitu kimoja tu. Tangu hapo huwa nakisia. Kwenye neno hili naweka hii, kwenye lile naweka ile, kama kulusha jiwe gizani." Akaiangalia ile R yangu inayong'aa. "Kile kitufe kilipokufa nilimshukulu Mungu. Nikawa na cha kusema. Sasa umekifufua."

Kumbe hatukuwa tumeishiwa. Kibodi nyingine angeweza kuinunua siku ile ile chai ilipomwagika. Chakura haikuwa R iliyokosekana, ilikuwa R iliyokisiwa, na Dada Tumaini aliliona hilo pale pale. Nilisimama pale na harufu ya moshi bado iko kwenye nguo zangu. Mtu mwingine angejutia alichokifanya. Mimi sikujuta, wala leo sijuti. Niliwakasirikia wao, wote, kuanzia yule mwalimu aliyemsimamisha mtoto mbele ya darasa ili wachekelee sikio lake.

"Mama, bibi anauitaje mji huu?"

"Lilinga."

"Maana yake?"

"Ngome. Si unajua."

"Na kwenye ramani wameandikaje?"

Alikuwa ameanza kunielewa, niliona kwenye pembe za mdomo wake.

"Wageni walikuja wakasikia vibaya. Wakaweka R pasipo na R, wakala hata herufi ya kwanza. Wamekosea mji mzima, mama. Umeandikwa kwenye mabasi, kwenye mahakama, kwenye vyeti. Kuna aliyewaambia wafunge wakauze nyanya?"

Mama alianza kucheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika, kisha kwa sauti, kisha akalia, kisha akacheka tena. Mke wa mwenye duka la dawa za mifugo akachungulia akidhani kuna msiba. Kisha mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akavuta ubao karibu, akaandika neno moja na kulikuza mpaka likajaza karatasi. Printa ikanguruma. Ilipotoka niliisoma nikashtuka: KALIBUNI.

"Mama, lakini R inafanya kazi."

"Najua inafanya kazi. Nimeshaijalibu." Akachukua gundi, akaibandika mlangoni mahali ambapo hata mwenye haraka angeiona.

Tangu siku hiyo kila ukurasa wa mteja niliusoma mimi kwanza, na baadaye wadogo zangu walipojua kusoma, kabla haujachapwa. Mama alikaa, mimi nikasimama nyuma yake, nikasema hapa ni hii, hapa ni ile, naye akarekebisha bila kuinamisha kichwa. Hakujificha tena. Mteja akiuliza kwa nini mtoto anasoma kazi yake, alimjibu kwamba yeye ana mikono na mtoto ana masikio. Nyanya za bibi ziliendelea kuuzwa na bibi.

Siku chache baada ya karatasi ile kubandikwa aliingia baba mmoja tusiyemjua, koti limenyooshwa, bahasha mkononi. Alisimama mlangoni akaisoma, akarudi hatua moja nyuma akaisoma tena ili kila mtu wa saluni amwone anavyoisoma.

"Mama," akasema, "mlangoni hapa umekosea."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kioo. "Sijakosea, baba. Mlango ni wangu, nimeuandika kwa ulimi wangu. Balua ni yako, nitaiandika kwa ulimi wako. Lete."

Yule baba alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Akaufunga, akavuta stuli, akakaa, akaanza kumsomea.